Mdogo wangu amezama kwenye unga, mzee anataka akafungiwe Kongwa. Nifanyeje?

BintiChangombe (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni tuongee kiutu uzima, hali ya nyumbani ni mbaya.

Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 26. Alikwenda Dar kama fundi wa kuchomelea, akaishi Temeke, amerudi kwetu hapa Chang'ombe Dodoma mwaka jana akiwa mtu mwingine kabisa. Mwanzoni tulidhani ni bangi. Siku moja nafua suruali yake nikakuta vikaratasi, nikambana rafiki yake, ndipo akaniambia kwamba anavuta kokteli, unga (heroini) juu ya bangi. Akikosa, arosto inamkamata: makamasi, miayo mfululizo, tumbo linakata, miguu haitulii usiku kucha. Mtungi wa gesi umeondoka, cherehani ya mama imeondoka, na juzi juzi ikawa jenereta ya jirani. Mzee alilipa ili asipelekwe polisi.

Mzee ni mstaafu wa reli, akisema kitu kimesemwa. Ameamua kwamba Jumamosi anampeleka Kongwa kwa shangazi, afungiwe chumba cha nje mpaka unga umtoke, akae huko miezi miwili au mitatu, kisha atafutiwe mke. Mama analia tu. Soba house moja (nyumba ya kuwaachisha waraibu) tuliyoulizia, ada yake ya mwezi inazidi pensheni ya mzee. Nilipotaja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, mzee aliinuka kwenye kiti. Anasema hakuna mwanawe atakayeonekana anaingia pale.

Nasikia kuna dawa ya methadoni. Wengine wanasema hiyo ni kuhama tu kutoka unga wa mtaani kwenda unga wa serikali. Wenye kuijua habari hii naombeni msaada. Jumamosi si mbali.

Mzee_wa_Kizota

Binti, msikilize baba yako. Kijana wa dada yangu tulimtoa mjini tukampeleka Manyoni akachunge ng'ombe. Mwezi wa kwanza alitusumbua sana, baadaye akatulia, leo analima alizeti na ana watoto. Mazingira ndiyo yanawaua hawa vijana. Mtoe kijiweni, ugonjwa umeisha. Hizo dawa za kunywa kila siku ni kamba nyingine ya kumfungia.

NesiMstaafu

Mwanangu BintiChangombe, pole sana. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, na miaka ya mwisho nilikuwa kwenye dirisha la kunyweshea methadoni. Nianze na la haraka: izuie safari ya Jumamosi.

Arosto ya heroini huanza nusu siku hivi baada ya kete (kipimo cha unga) ya mwisho, inakuwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida ndani ya wiki moja mwili unatulia. Hapo mzee atasema kijana amepona. Lakini hamu bado iko palepale, na kuna kinga moja ambayo imeondoka bila mtu kuiona: mwili umeshasahau kuubeba unga. Akirudi mjini baada ya miezi miwili akavuta kiasi kilekile alichokizoea, kinaweza kumkata pumzi akafa usingizini. Zile habari za misibani, "alikuwa ameshaacha kabisa, karudia siku moja tu," nyingi zina maelezo haya. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka gerezani na anayetoka soba house bila dawa yoyote ya kumlinda.

Mzee wa Kizota, kaka yangu, kuhusu mazingira una hoja, na utafiti upo upande wako. Mtafiti wa Marekani, Lee Robins, aliwafuatilia askari waliorudi nyumbani kutoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amepata uraibu wa heroini kule. Katika mwaka wa kwanza nyumbani, asilimia 5 tu ya hao ndio walioingia tena kwenye uraibu; kwa miaka mitatu ilikuwa asilimia 12. Wengi waliacha kwa sababu walirudi kwenye kazi, wake zao na mitaa isiyokuwa na unga, na wakabaki huko. Kijana wako wa Manyoni naye alibaki huko, akapata shamba na familia. Huyu wa Chang'ombe anapelekwa kufungiwa kisha anarudishwa kwenye kijiwe kilekile, hana kazi, na mwili wake haubebi tena. Kama mzee angesema kuna karakana Kongwa inayomsubiri na ataishi huko, tungekuwa na mazungumzo mengine. Na hata hivyo nisingekubali mlango wa kufuli.

Sasa methadoni. Waliofungua njia hii ni madaktari wawili wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, waliochapisha mwaka 1965 habari za wagonjwa 22. Heroini inapanda kichwani kwa sekunde na inashuka baada ya saa chache, ndiyo maana mtu anakimbizana na kete mchana kutwa na kuiba ili asiugue. Methadoni inakalia sehemu zilezile za ubongo, ila inapanda polepole na inakaa zaidi ya siku nzima. Dozi ikishafika panapotakiwa, mtu halewi na haugui. Anakunywa asubuhi mbele ya muuguzi, anakwenda kazini. Nimewaona wakifika wamevaa shati lililopigwa pasi, watu ambao miezi michache nyuma tulikuwa tunawashika mkono wasianguke. Sikubali hata kidogo iitwe unga wa serikali.

Na inaokoa maisha. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za watu zaidi ya 120,000 waliopewa methadoni. Kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, waliokuwa ndani ya tiba walikufa 11 hivi. Waliokuwa wametoka, 36. Wiki nne za mwanzo baada ya kutoka ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "kunywa miezi sita uache," mkatalie. Kuacha kupo, ila ni kwa kupunguza taratibu na daktari, mtu akiwa ameshatulia, na wengine wanakaa nayo miaka na hakuna ubaya.

Hapa nchini ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikaenda Mwananyamala na Temeke, baadaye mikoani. Sisi Dodoma tunacho kituo cha Itega, chini ya Mirembe. Hailipiwi. Mwambie mzee kwamba anayekunywa methadoni halazwi: anaingia, anakunywa, anaondoka. Watamsikiliza, watampima mkojo, watapima VVU, homa ya ini na kifua kikuu, na watataka ndugu mmoja wa kumsindikiza. Naona huyo ndugu ni wewe.

Jambo moja wengi hawaambiwi. Akikutwa na kifua kikuu na kuanzishiwa rifampisini, dawa hiyo inaifanya methadoni iishe mwilini haraka, na arosto inarudi. Vijana wengine huacha dawa za TB hapohapo. Aseme mapema, dozi itaongezwa.

fundi_geti

Mimi nipo kwenye dawa. Nilianza kwa kuvuta, nikaishia kujichoma. Leo natengeneza mageti na madirisha, na mama yangu amenirudishia ufunguo wa nyumba.

Dada, mwandae mdogo wako kwa ukweli. Wiki za mwanzo dozi inaanzia chini na inapandishwa polepole, kwa sababu dawa inajilimbikiza mwilini na wakikuharakisha unaweza kuzimika. Kwa hiyo mwanzoni jioni arosto inachungulia. Hapo ndipo wengi wanakimbia, wanasema dawa ni maji. Avumilie, awaeleze wauguzi jinsi anavyolala na anavyoamka, watampandisha. Asiongezee valiamu wala pombe, nimezika mwenzangu kwa mchanganyiko huo.

Utatoka jasho sana, choo kinakuwa kigumu (maji mengi na mapapai). Mimi kila siku ni lazima nifike, Idi na Krismasi zimo. Bosi wangu wa kwanza hakuelewa kwa nini nachelewa, wa sasa nilimweleza siku ya kwanza na nikapangwa kuanza saa tatu. Ukisafiri unaomba mapema, nilipofiwa na babu Morogoro walinipangia nikanywa huko.

Kingine. Baada ya unga kuondoka unabaki na siku nzima mkononi, hujui uifanyie nini. Kilichonisaidia ni kazi ya mikono. Kwa kuwa yeye ni fundi wa kuchomelea, mtafutieni mahali, hata kwa posho ya chakula.

BintiChangombe

Mama Nesi shikamoo. Fundi, Mungu akubariki, nimesoma maneno yako kwa mama naye amenyamaza kulia.

Mambo mawili. Kwanza, mwenyewe anasema hana tatizo, ataacha akitaka. Mzee kila jioni anamkalisha na kumsema mbele ya wote, kijana anainuka anaondoka. Nitamfikishaje Itega mtu ambaye hataki? Pili, sikuandika mwanzo: siku akikosa hela ya kete anakunywa gongo tangu asubuhi, na sasa ni karibu kila siku. Hilo linabadilisha kitu?

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Linabadilisha sana, naanza nalo.

Arosto ya unga inatesa lakini ni nadra kuua. Ya pombe inaua. Mtu anayekunywa pombe kali kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuweweseka, kutetemeka mwili mzima, kuona wadudu ukutani, joto na mapigo ya moyo kupanda. Mwingine anadhaniwa amepagawa, anaitiwa maombi huku anakufa. Kama huyu angefungiwa Kongwa, shangazi angekuja kufungua mlango amechelewa. Mzee aambiwe hilo kwa maneno hayahaya.

Pombe ya namna hiyo inakatwa hospitali, kwa diazepamu (ndiyo valiamu) inayopimwa na kupunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Msimnunulie valiamu duka la dawa mkamtibu wenyewe, kwa sababu valiamu na unga kwa pamoja vinazima pumzi. Mikono ikitetemeka asubuhi kabla hajanywa, au akianza kuweweseka, mpelekeni hospitali ya General usiku huohuo. Na Itega mseme habari ya gongo bila kuficha. Akifika amelewa hawatamnywesha siku hiyo. Mtu asiwatukane, wanamlinda.

Kuhusu kumfikisha. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, William Miller, Robert Meyers na mwenzao, walizilinganisha njia tatu kwa familia 130 zenye mlevi aliyekataa tiba. Familia zilizofundishwa kumkalisha mgonjwa na kumkabili kama anavyofanya mzee, asilimia 30 waliwafikisha kwenye tiba. Zilizoambiwa zijiangalie zenyewe na kumwacha mlevi na maisha yake, 13. Zilizofundishwa namna ya kuishi naye na kuzungumza naye, 64. Baadaye walijaribu kwa watumiaji wa dawa za kulevya, matokeo yakafanana.

Namna yenyewe ni hii. Asubuhi akiwa ametulia kidogo, kaa naye, kula naye, ongea habari za kawaida, afaidi kuwa nyumbani akiwa mzima. Akiwa amevuta au amelewa, usigombane, ondoka. Msimpe pesa mkononi na msilipe tena vitu alivyouza. Mzee alipolipa jenereta alilinda jina la nyumba, na kijana hakuona gharama. Ila chakula na mahali pa kulala asinyimwe. Na usimwambie ana tatizo. Muulize, "Usiku wa jana ulikuwaje? Ungepata usingizi leo ungefanya nini kesho?" Ukisikia neno lolote la kuchoka, hata dogo, usihubiri. Mwambie, "Twende kesho asubuhi, nimeshaulizia, nitakaa na wewe mpaka umalize." Kwa hiyo wewe nenda Itega wiki hii peke yako kwanza, ujue saa za kufungua na karatasi wanazotaka. Dirisha la mtu kukubali ni fupi; ukianza kuulizia baada ya yeye kukubali litakuwa limeshafungwa.

Mzee mtafutie mtu wa rika lake. Yupo mstaafu mwenzake wa reli anayemheshimu?

BintiChangombe

Yupo, walikuwa wote Stesheni. Nakwenda kwake leo jioni na baba mdogo, na Itega nakwenda kesho kabla sijafungua genge.

fundi_geti

Ukifika kesho asubuhi mimi nitakuwepo kwenye foleni. Niandikie inbox nikuonyeshe pa kuanzia.

Mzee_wa_Kizota

Habari ya gongo sikuijua. Binti, hapo msimfungie. Na huyo fundi wa kuchomelea akishatulia, nina jamaa mwenye karakana hapa Kizota, nitamuulizia.