Naomba ushauri: njia ya msituni kwenda ufukweni, tope mpaka magotini

Wakuu, habari zenu. Mimi na mke wangu tuko likizo, na juzi tulijaribu kwenda kwa miguu kwenye ufukwe ambao njia yake inakatiza msituni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Hatujafika hata nusu, tope likanimeza mguu mpaka gotini. Nilipouvuta ukatoka mtupu, kiatu kimebaki chini. Nikawa nachimba kwa mikono huku mwenzangu anacheka tu, hadi naye akateleza akakaa kitako. Tukageuza.

Sasa anataka turudie keshokutwa. Sikatai, ila viatu ndivyo vinanichanganya. Raba zinateleza, na buti za mpira zikiingia maji ni mzigo. Sandali za mikanda zinafaa, au mizizi itatumaliza vidole? Soksi za pamba sizitaki tena, zimenipa lengelenge kisiginoni mpaka leo nachechemea. Ruba nao mnawazuiaje?

Kubwa zaidi ni muda. Tumeambiwa karibu na ufukwe kuna kijito kisichovukika maji yakijaa. Maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa tulizopewa juzi zitakuwa zimesogea zaidi ya saa tatu. Na chini ya miti giza huingia mapema, jua hata halijazama.

Tuondoke alfajiri tuwahi maji kupwa, au tusubiri siku mbili tatu tope likaze? Mliowahi kupita njia za namna hii, nisaidieni.