Ushauri: Mwalimu "kiboko" kamchapa binti yangu, nimhamishe?

MamaIgoma: Habari za jioni. Binti yangu yuko darasa la nne. Muhula mzima ananiambia "mama, mwalimu wa hesabu ni kiboko." Nikafurahi, nikajua anafundisha vizuri. Jana namwogesha, naona mapaja yamevimba mistari mistari, mmoja umechanika. Kumbe alikuwa anasema fimbo. Nimhamishe shule?

SatoMkavu: Sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Mwalimu wetu alikuwa analoweka fimbo ya mpera kwenye ndoo tangu mchakamchaka. Leo nachapa kazi mwaloni Kirumba, siibi.

Capri77: Neno lenyewe limetoka kwa mnyama wa hapo ziwani. Mjeledi wa ngozi yake ndio Wajerumani waliwapigia babu zetu, "hamsa ishirini", viboko 25. Siku hizi kifimbo chochote ni kiboko, fundi hodari ni kiboko, mpaka dawa ya mbu ni kiboko. Mtoto alisema ukweli.

MwlMstaafu: Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002: fimbo zisizidi 4, mkononi au makalioni juu ya nguo, anachapa mkuu wa shule au aliyempa idhini kwa maandishi, na inaandikwa kitabuni. Wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Mapajani ni kosa. Dada, huyo mwalimu ni nani kwako? Mbona unamzungukazunguka?

MamaIgoma: Ni kaka wa mume wangu, baba mkubwa wa mtoto. Tunaishi kwake. Mume yuko machimboni Geita, hajui. Begi la mtoto nimeshafunga, Jumamosi navuka naye na kivuko hadi Sengerema kwa bibi yake. Msinihukumu, huyo mtu mimi ndiye ninayempakulia chakula kila usiku.

SatoMkavu: Aa, kumbe ni ya ukoo! Iteni wazee mkae. Kumkimbiza mtoto ni kumvunjia heshima shemeji yako.

MzeeBusega: Kivuko? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3, watu wanapita na basi. Hii stori imetungiwa Dar. Na "kiboko" imekaa vizuri mno.

Capri77: Hata mimi nilianza kushtuka.

MamaIgoma: Kivuko cha Kamanga, Mzee, cha pale mjini. Kwa mama ni ng'ambo hapo hapo, nikazunguke Kigongo kutafuta nini? Kama mnataka ushahidi nipige picha?

MwlMstaafu: Usiweke picha ya mtoto hapa! Mzee, muache. Dada, Sengerema utaenda, ila kabla hujavuka nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, daktari amwone vidonda vikiwa vibichi. Ukivuka bila hiyo karatasi, Jumatatu shemeji atasema mtoto alianguka. Namba 116 ni bure, wanasaidia watoto.

SatoMkavu: Na mume mpigie.

MamaIgoma: Akiwa shimoni hapatikani. Mwalimu, nikitoka na mtoto usiku huu shemeji atauliza tunaenda wapi.

MwlMstaafu: Mwambie hospitali. Si uongo, PF3 itakufikisha huko. Kituo hakifungwi, nenda.