Muziki wa filamu haujatolewa: tufanyeje?

Msikilizaji wa Ntinda: Wakuu, filamu ikitoka bila albamu ya muziki wake wa nyuma, kuna njia ya kuupata safi? Kwenye DVD maneno ya waigizaji yanaufunika.

Fundi Sauti: Kama sauti ya DVD ni 5.1 (iliyogawanywa kwa chaneli sita za spika), zima chaneli ya katikati. Mazungumzo mengi hukaa humo. Lakini milio ya magari na milango hubaki kwenye chaneli nyingine, na muziki ulioshushwa pale mtu anaposema hubaki umeshuka. Hapo hakuna dawa. Muziki safi uko kwenye faili za studio za kabla ya kuchanganywa na mazungumzo na milio.

Nyaraka: Ssebo, haki ni mbili: utunzi na rekodi. UPRS, chama cha haki za watunzi wa muziki Uganda, hushughulikia mirabaha ya utunzi. Rekodi mara nyingi ni ya mtayarishaji aliyelipia studio. Basi mkiomba albamu itolewe, mwandikieni yeye pia, si mtunzi peke yake. Tajeni kipande kwa muda wake, mfano "ngoma za 00:41:10". "Tunaupenda sana" haimsaidii mtu. Kinachokwamisha mara nyingi ni mkataba wa wapiga ala: ukitaja filamu tu, albamu inadai malipo mapya.

Fundi Sauti: Na nyimbo zilizoombewa kibali cha filamu pekee zitaachwa nje, msishangae.