Ushauri: jumla ya korosho kwenye programu hailingani na hati ya ghala

Kijana_Newala
Wakuu, shikamooni. Natengeneza programu ya mapokezi ya korosho kwa chama cha msingi huku Newala, naandika kwa lugha ya Python. Karani anaingiza uzito kwa tani, jioni programu inalinganisha jumla na hati ya ghala kuu. Jana mizigo miwili, tani 1.1 na tani 2.2, imetoa 3.3000000000000003. Hati inasema 3.3. Programu ikaandika HAZILINGANI na karani akagoma kusaini. Mizani imekaguliwa, iko sawa. Mkulima wa huku akisikia neno "tofauti" kwenye uzito anajua kaibiwa, na ana haki ya kuuliza. Nifanyeje?

Fundi_Mikindani
Marahaba. Mizani haihusiki, mdogo wangu. Kompyuta inahifadhi namba kwa binari, yaani kwa tarakimu 0 na 1 tu, na 0.1 haina mwisho kwenye binari, kama theluthi isivyoisha kwenye desimali. Jaribu kwa kalamu: zidisha kwa 2, andika tarakimu iliyotokea kushoto mwa nukta, endelea na sehemu iliyobaki. 0.1 inatoa 0.2, andika 0. Halafu 0.4, andika 0. 0.8, andika 0. 1.6, andika 1, imebaki 0.6. Inatoa 1.2, andika 1, imebaki 0.2. Si umerudi kwenye 0.2? Hapo 0011 inajirudia milele. Floti ya Python, yaani namba yenye nukta, ina biti 53 (tarakimu za 0 na 1), kinachozidi kinakadiriwa. 0.5 na 0.25 hazisumbui, ni nusu na robo.

Mama_Hesabu_Lindi
Usipachike round(), amri ya kukadiria, kwenye kioo ukaona umemaliza, huko ni kuficha. Hifadhi uzito kwa gramu, namba kamili: 1,100,000 + 2,200,000 = 3,300,000, basi. Pesa weka DECIMAL, aina ya namba inayotunza desimali kamili, kwenye hifadhidata. Na kwenye makato ya asilimia, kadiria kwa kila mkulima kwanza, ndipo ujumlishe yaliyokwisha kukadiriwa. Ukikadiria jumla peke yake, stakabadhi za wakulima zitapishana na daftari la chama, na hapo mkutano mkuu hautaisha salama.

Mtu_wa_Masasi
Msidharau hii 0.1. Februari 1991 kule Dhahran, Saudia, mtambo wa Patriot wa kutungua makombora ulikuwa unahesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, kwenye biti 24. Ulipowashwa takriban saa 100 mfululizo, ulikuwa umepotoka kama sekunde 0.34. Kombora la Iraki likapita, wakafa wanajeshi 28 wa Marekani.

Kijana_Newala
Asanteni sana. Mama, data ya msimu uliopita iko kwa tani zenye nukta. Nizidishe kwa 1,000,000 halafu int()?

Mama_Hesabu_Lindi
Hapana mwanangu, int() inakata kila kilicho baada ya nukta. Andika int(4.35*100) uone: inakupa 434, siyo 435. Zidisha, tumia round(), kisha linganisha kila mstari na stakabadhi ya karatasi kabla hujafuta data ya zamani.