Kipa raundi ya kwanza: nirudie au niachane nayo?

Barafu82

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri mapema kabla ya drafti yetu (zamu za kuchagua wachezaji) ya msimu wa 2025/26 wa NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, maana safari hii sitaki kukurupuka.

Ligi yetu ya fantasi, ambapo kila mtu anapata alama kwa takwimu za wachezaji halisi aliowachagua, ina watu 12, tunacheza ana kwa ana kila wiki, vipengele 10. Sita ni vya washambuliaji na mabeki: mabao, asisti, mashuti, pointi zinazopatikana wapinzani wakiwa pungufu, vikumbo na mashuti yaliyozuiwa. Vinne vilivyobaki ni vya kipa: ushindi, wastani wa mabao ya kufungwa, asilimia ya kuokoa na mechi bila kuruhusu bao. Watu wawili unaowapanga golini wanabeba sehemu nne kwa kumi za kila wiki. Kwa hesabu hiyo msimu wa 2024/25 nikachukua kipa raundi ya kwanza, nikaamini nimewapiga wenzangu chenga.

Kipa mwenyewe simtaji, kwa sababu kosa la kupanga lilikuwa langu. Wiki ya mwisho kabla ya mtoano wetu, Jumapili, naongoza 6-4. Makipa wangu walikuwa wamepigiwa mashuti 82 wiki nzima, wameokoa 75. Hiyo ni asilimia 91.5, mwenzangu ana 90.2. Imebaki mechi moja tu, ya huyo kipa wangu wa raundi ya kwanza. Ningemweka benchi, wiki ilikuwa imekwisha. Lakini mtu uliyemchukua wa kwanza mkono unakuwa mzito kumtoa, nikamwacha. Shuti la tatu likaingia. Bao la pili kisahani kinachochezewa kilimgonga beki wake mwenyewe gotini kikabadili njia, kipa tayari ameshalala upande mwingine. Dakika ya 26 kocha akamtoa: mashuti 11, mabao manne. Asilimia yangu ikaanguka hadi 88.2, wastani wa kufungwa ukapanda kutoka 2.33 hadi 3.20, wa mwenzangu ulikuwa 2.75. Vipengele viwili vikahama, nikafungwa 4-6 na mtoano nikausikia kwa wenzangu.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu nikiziangalia zile namba.

Sasa nina nafasi ya tisa kwenye drafti. Connor Hellebuyck, kipa wa Winnipeg Jets, huenda akawa bado yupo. Msimu wa 2024/25 kashinda mechi 47, wastani wa kufungwa 2.00, asilimia 92.5, mechi nane bila kuruhusu bao, kachukua Vezina (tuzo ya kipa bora) na Hart (ya mchezaji bora wa ligi) pamoja. Kipa wa mwisho kubeba Hart kabla yake ni Carey Price mwaka 2015. Je, nimchukue, au nisubiri hadi raundi ya sita au ya saba ndipo nitafute makipa?

MlinziWaNyavu

Mkuu pole sana, hiyo Jumapili naielewa.

Ushauri wangu ni usimchukue, na si kwamba Hellebuyck ana ubaya. Ushindi ni kipengele cha timu, halafu sisi tunamwandikia kipa. Mtazame Igor Shesterkin, kipa wa New York Rangers. Msimu wa 2023/24 Rangers waliongoza ligi nzima kwa pointi, yeye akashinda mechi 36. Msimu uliofuata timu ikaporomoka ikakosa hata mtoano, akamaliza na ushindi 27 na vipigo 29 ndani ya dakika 60. Kipa ni yuleyule, tena katikati ya msimu alisaini mkataba wa dola milioni 11.5 kwa mwaka. Aliyemchukua mapema alinunua Rangers nzima bila kujua.

Upande wa pili kuna kipa Logan Thompson. Washington Capitals walimchukua kutoka Vegas kabla ya msimu, watu wakampita kwenye drafti nyingi nilizoziona. Akamaliza 31-6-6, yaani ushindi 31, vipigo 6 ndani ya dakika 60 na 6 baada ya hapo. Kila mwaka yupo mmoja wa namna hiyo, kazi ni kumtafuta kwenye timu yenye mabeki wazuri ambayo imebadilisha kipa juzi juzi.

PasiMbili

Mlinzi, hapo umemwonea kipa. Washambuliaji nao wanaanguka vilevile. Auston Matthews wa Toronto alifunga mabao 69 msimu wa 2023/24, uliofuata 33, majeraha yakamweka nje mechi 15. Aliyemchukua wa pili au wa tatu kwenye drafti alipata hasara kubwa kuliko ya Barafu, na hakuna aliyesema tuache kuchukua washambuliaji raundi ya kwanza.

Mimi tatizo naliona kwingine. Barafu, umesema una vikumbo na mashuti ya kuzuia. Hivyo ndivyo vinavyookotwa bure. Kiefer Sherwood alipiga vikumbo 462 msimu wa 2024/25 akiwa Vancouver. Rekodi ya kabla yake ilikuwa 383. Na juu ya hayo akafunga mabao 19! Kwenye ligi yetu hakuchaguliwa na mtu, nilimkuta sokoni wiki ya pili, na toka hapo kipengele cha vikumbo sikukipoteza mara tatu. Mchezaji wa namna hiyo akikupa ushindi wa uhakika kwenye kipengele kimoja, kipa wako ana ruhusa ya kuwa na Jumapili mbaya.

Kwa hiyo Hellebuyck mchukue ukimkuta, lakini raundi za mwisho uzijaze na watu wa kazi ngumu, usikimbilie majina.

Dakika3

Nawasoma wote, hakuna aliyetaja ratiba. Msimu wa 2025/26 ligi inasimama Februari kupisha Olimpiki ya Milano na Cortina, lakini mechi ni zilezile 82. Maana yake zinabanwa kwenye siku chache. Ratiba ikibanwa, timu inacheza leo na kesho, na siku ya pili mara nyingi anaingia kipa msaidizi. Hellebuyck alisimama golini mechi 63 msimu wa 2024/25, wengi hawafiki huko, na mwaka wa Olimpiki ni mgumu zaidi kwa kipa anayekwenda na timu ya taifa. Likizo yeye hana.

Jaribu kuchukua makipa wawili wa timu moja. Msimu wa 2024/25 Carolina walikuwa na Frederik Andersen na Pyotr Kochetkov, waligawana mechi, na timu iliruhusu mashuti machache sana. Raundi za katikati zinakutosha kuwapata wote wawili. Yeyote atakayepangwa, ni wako.

Jambo lingine, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mechi zinajaa hadi nusu ya benchi lako inakaa bure. Wachezaji wakilingana vipaji, chukua mwenye mechi za Jumatatu na Jumatano.

Barafu82

Nimewaelewa, asanteni sana. Dakika3, la Olimpiki sikuwa nimelipigia hesabu kabisa na ndilo limenigeuza.

PasiMbili, kuhusu Hellebuyck naomba niseme neno, kwa sababu watu wanamhukumu kwa mtoano wa NHL wa 2025 tu. Ni kweli St. Louis walimfanya atolewe golini mara tatu kwenye raundi ya kwanza. Lakini mechi ya saba niliitazama yote. Jets wako nyuma bao moja, Cole Perfetti anasawazisha zikiwa zimebaki sekunde chini ya mbili. Halafu kipa yuleyule aliyesemwa wiki nzima akalilinda goli lake bila kufungwa kwa dakika za nyongeza zote, mpaka Adam Lowry alipomaliza kazi. Mtu aliyebeba timu hadi pointi 116 anastahili heshima zaidi ya hii anayopewa. Kama ligi yetu ingekuwa ya pointi za jumla ningemchukua bila kuuliza mtu.

Ila kwa vipengele vya kila wiki nimeamua nafasi ya tisa ni ya beki. Cale Makar wa Colorado hatafika kwangu, beki mwenye mabao 30 na pointi 92 haachwi na mtu. Nitamngoja Zach Werenski wa Columbus: pointi 82 akiwa beki, anapiga mashuti kama winga. Vikumbo nitavitafuta mwishoni kama PasiMbili alivyosema, na wale wawili wa Carolina nitaanza kuwawinda raundi ya saba.

Swali moja limebaki kwa Dakika3. Mmoja wao akichukuliwa na mwenzangu kabla yangu, huyu mwingine peke yake bado ana faida, au nihamie timu nyingine kabisa?

Dakika3

Hamia. Nusu ya mechi za Carolina haikufikishi kwenye kiwango cha chini cha mechi za kipa kwa wiki, kama ligi yenu imekiweka. Mmekiweka?

Barafu82

Tumekiweka. Mechi tatu. Basi nawasogeza hadi raundi ya sita.