Nyasi zimenishinda, nipande nini kinachotambaa?

MamaBustani: Wadau, habari zenu. Uwanja wangu una pande mbili. Upande wa juani watoto wanapiga mpira. Upande wa pili uko chini ya mti mkubwa, nyasi zimekataa, vipara vitupu. Nimechoka kufyeka na kumwagilia. Nataka mmea mfupi usiozidi kifundo cha mguu. Kitaluni wamenishauri wedelia, ile ya maua ya njano, eti inashika haraka. Niichukue?

JembeButu: Dada, wedelia iache hukohuko kitaluni. Huko kushika haraka ndiko balaa lenyewe: kila pingili ikigusa udongo inatoa mizizi, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imeiweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Pa mpira acha nyasi. Najua sicho ulichotaka kusikia, lakini mimea mingi ya kutambaa huvumilia mguu wa kupita, si mechi. Punguza eneo tu, kisha pembezoni panda karanga za mapambo (Arachis pintoi). Ni jamii ya mikunde, inajitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, kwa hiyo urea haina kazi hapo. Pingili kila sentimita 20 hadi 30, mwagilia mpaka zishike.

Kivulini weka ophiopogon fupi, ule mmea wa majani membamba kama nyasi. Inakua kwa uvivu wa kukera, lakini ikishajaza imejaza. Usichimbe kwa fujo ukakata mizizi ya mti, wala usirundike udongo kwenye shina.

Mzee wa Mizinga: Kama kwenu kuna ubaridi, fikiria pia klova nyeupe. Nayo ni ya mikunde. Ila nyuki wanaipenda mno, na watoto wako bila shaka wanacheza peku. Ikichanua, pitisha mashine.

MamaBustani: Asanteni. Klova hapana, mdogo wangu akiumwa na nyuki anavimba uso mzima. Je, hizo karanga nizichomeke tu katikati ya nyasi zilizopo?

JembeButu: Hapana! Ukoka utazimeza. Ng'oa kwanza na vijiti vyake vya ardhini, halafu weka matandazo kati ya miche. Miezi ya mwanzo utapalilia kwa mkono zaidi kuliko ulivyokuwa unafyeka, usiseme sikukwambia. Na kwenye mpaka na uwanja wa mpira zamisha matofali, la sivyo ukoka utavuka.