Motahomu inavuja oili gurudumu la nyuma na kuna mvumo, nibadili ekseli nzima?

Mlalabarabarani:
Wakuu habari zenu. Nina motahomu (gari lenye nyumba ndani), chesisi yaani fremu ya chini ni ya lori, nyuma ina matairi pacha kila upande. Ilikaa miezi nane haijatembea, juzi ndo nimeitoa, baada ya masaa kama mawili nikasimama kupumzika nikasikia harufu kali kama kiberiti, kuchungulia gurudumu la nyuma la kulia nakuta tairi la ndani limelowa oili na breki upande huo ilikuwa inavuta vuta tangu asubuhi. Alafu kuna mvumo unaanzia kwenye spidi 60 hivi, nikikata kona ya kushoto unazidi, nikikata kulia unapungua, nikikanyaga mafuta au nikiachia haubadiliki. Fundi wa kwanza kaangalia dakika mbili kasema difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma) imekufa nitafute ekseli nzima. Hii gari ndo nyumba yetu mimi na mke wangu, sitaki kukosea. Naombeni msaada.

FundiDifu:
Pole sana mkuu. Usinunue ekseli kwanza.

Iko hivi. Propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi, inaleta mzunguko kwenye pinioni (gia ndogo), pinioni inasukuma kraunwili (gia kubwa ya duara), kraunwili imefungwa kwenye kikombe chenye gia ndogo za spaida ambazo ndo zinaruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani kwenye kona, toka hapo hafu shafti mbili, yaani vyuma virefu vya ndani ya ekseli, zinapeleka nguvu kwenye magurudumu ya kulia na kushoto. Sasa kwenye chesisi nzito kama yako hafu shafti haibebi uzito hata kidogo, kazi yake ni kuzungusha tu. Uzito wote unakaa kwenye habu, kile kitovu kinachofungwa gurudumu, na habu inakalia beringi mbili za koni juu ya mkono wa ekseli, yaani ncha ya bomba la ekseli. Ndo maana unaweza kufungua zile bolti za katikati ya gurudumu ukachomoa shafti nzima na gari bado imesimama kwa matairi yake. Na zile beringi zinalainishwa na oili ileile ya difu inayotembea mpaka kwenye habu, kinachoizuia isimwagikie breki ni sili (pete yenye mdomo wa mpira) ya nyuma ya habu. Ile harufu ya kiberiti ndo yenyewe, oili ya difu ina salfa.

Sasa kabla hujagusa sili tafuta kipumulio. Juu ya ekseli kuna kijibomba kidogo, wakati mwingine kina mpira unaopanda mpaka kwenye chesisi. Oili ikipata moto hewa ndani inatanuka, kipumulio kikiziba presha inatafuta pa kutokea na pa kutokea ni kwenye sili. Nimeona watu wanabadili sili mara tatu wakilaumu sili feki kumbe shida ni kijitundu cha juu, inaniuma sana maana ni kazi ya dakika tano.

Kuhusu mlio: difu yenyewe ikiwa mbovu mlio unafuata mguu wako. Ukilia ukikanyaga ukanyamaza ukiachia, shuku meno ya kraunwili na pinioni yanavyokutana. Ukilia ukiachia, shuku pinioni inacheza. Wako unafuata kona, na kona ya kushoto uzito unalala kulia, kulekule kunakovuja. Hiyo ni beringi ya habu.

Mama_Gurudumu:
Naongezea kitu kimoja na naomba kaka ukisome mara mbili kabla hujashika spana. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma gari INAWEZA kutembea hata ukiwa umeiweka kwenye P (gia ya kuegesha ya gari ya otomatiki). Ile P inashika propela tu, na difu inaruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke kinyume wakati la chini linaviringika. Kwenye baadhi ya motahomu hata handibreki inashika propela, haishiki magurudumu, kwaiyo ukichomoa hafu shafti umeondoa na handibreki hapohapo. Mume wangu aliona gari yetu inaanza kumfuata polepole, tulipona kwa sababu ya jiwe moja. Weka vigingi magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake, weka stendi imara chini ya ekseli, na zile jeki za kusawazisha gari mkilala msizitumie kabisa kuingia chini.

Na breki shuu zikishalowa oili ya difu usizioshe na petroli ukarudisha, zimenyonya. Badili pande zote mbili.

Mlalabarabarani:
Asanteni sana dada na mkuu, nimepata fundi mwingine tumefanya pamoja leo. Kipumulio kilikuwa kimezibwa na udongo wa nyigu, wamejenga ndani ya ule mpira, tumetoa donge gumu kama kidole. Oili ya difu ilikuwa imepungua, imebadilika rangi inafanana na chai ya maziwa. Sumaku ya plagi ya chini ina tope laini la kijivu tu, hakuna vipande. Tumeshika propela pale inapoingia kwenye difu tukaitikisa juu chini, haichezi. Beringi ya nje ya habu ina vidoa vya kutu, kila koni ilipokuwa imelala kuna alama. Ila pale sili inapokaa kwenye mkono wa ekseli nikipitisha ukucha unakwama, kuna mfereji. Sili mpya itashika kweli?

FundiDifu:
Haitashika, au itashika siku chache. Ukucha ukikwama mdomo wa sili hauna pa kulala vizuri. Kuna bushi nyembamba sana ya chuma inagongwa juu ya ule mfereji, pima kipenyo vizuri uipate ya saizi yako. Huna haja ya kubadili mkono.

Rangi ya chai ya maziwa ni maji. Gari ikikaa miezi na joto linapanda na kushuka, unyevu wa hewa unageuka maji ndani, na beringi iliyolala sehemu moja inaliwa na kutu palepale. Badili beringi zote mbili za upande huo pamoja na vikombe vyake (pete za nje za beringi), upande wa kushoto fungua ukague. Kukaza nati ya habu, kaza huku unazungusha habu ili koni zikae, rudisha nyuma, kisha fuata kipimo cha kitabu cha ekseli yako. Ikibana sana beringi itaungua.

Oili weka GL-5 (daraja la oili ya difu) ya unene ulioandikwa kwenye kitabu, mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia gari ikiwa sehemu tambarare, isizidi. Na hapa ndo wengi wanaharibu: habu uliyoifungua ni kavu, oili ya difu haifiki kule mara moja. Paka beringi oili kabla ya kufunga, ukishajaza inua upande wa kushoto dakika kadhaa oili itiririkie habu ya kulia, alafu inua kulia, shusha, subiri itulie, pima tena uongeze.

Mama_Gurudumu:
Na ukipata mzani pima kila upande peke yake. Tangi la maji, betri na jenereta vikiwa upande mmoja, habu ya upande huo inateseka kila siku hata kama jumla ya uzito iko sawa.

Mlalabarabarani:
Tumemaliza jioni hii. Tumetembea kama saa nzima, mvumo hamna, breki haivuti, nimeshika habu zote mbili kwa kiganja zina joto sawa. Kesho asubuhi namwaga oili niweke mpya tena ili yale maji yaliyobaki kwenye kona za difu yatoke, na gari naipeleka mzanini kabla hatujapakia.